Anti, msimamizi kasema natazamia kwa mwenzangu, kumbe ndo ninavyosoma

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa pili nasomea uhasibu chuo kimoja cha mkoani. Jina la chuo naomba nisitaje maana tuko wawili tu chuo kizima wenye ualbino na yule mwingine ni mwanaume, kwahiyo nikitaja tu nimejianika.

Naanza nyuma kidogo unielewe. Shule nilikosoma sekondari walimu walikuwa wananijua, mtihani wa kidato cha nne nililetewa karatasi yenye maandishi makubwa na muda nikaongezewa, na mimi hata sikuomba, mwalimu mkuu ndo alikuwa anahangaika na hayo mambo yote. Sasa wakati naomba chuo kwenye ile fomu ya mtandaoni kuna sehemu wanauliza kama una ulemavu, kaka yangu akaniambia weka hakuna, ukiweka upo watakutoa uhasibu wakupeleke kozi nyingine. Na mimi kiukweli nikaona mbona natembea mwenyewe, napanda daladala mwenyewe, mi sio kipofu. Nikaweka hakuna.

Mwaka wa kwanza nikaburuza hivyohivyo. Ukumbi wetu tunaingia watu zaidi ya mia tatu, nikikaa mbele mwanga wa projekta unaniumiza, nikikaa nyuma sioni kitu. Slaidi tunatumiwa kwenye grupu la WhatsApp lakini lekchara mmoja anatuma picha alizopiga kwenye kitabu, giza, kona imekatika, ukikuza inakuwa ukungu. Kwahiyo shosti wangu wa rumu moja ndo macho yangu, usiku ananisomea mimi naandika. Nikapata sapu moja, yaani mtihani wa marudio, nikaifuta.

Sasa semista hii ndo yamenikuta. Test ya kwanza ya uhasibu wa gharama, karatasi imechapwa maandishi madogo ya kubananisha ili iishe ukurasa mmoja, mimi nimeinama pua inagusa karatasi, mara msimamizi huyu hapa juu yangu, anasema kwa sauti watu wote wasikie, we binti mbona shingo umeigeuzia kwa mwenzio muda wote na macho yanakimbiakimbia. Nikamwambia ndo ninavyoona. Akasema kama huoni si ungeenda shule ya vipofu. Akanihamisha nyuma kabisa pembeni ya dirisha, jua la saa nane linaingia lote, alafu akaniambia na kofia vua. Anti lile jedwali la gharama nilikuwa naona mistari inaogelea tu. Nimepata 6 kwa 20.

Nikamwambia mama kwenye simu, akasema mwanangu nyamaza, umefika mbali, usije ukaonekana msumbufu wakakurudisha nyumbani. Na shosti naye juzi kaniambia jamani na mimi nina keri yangu, somo nililofeli narudia, leo nisamehe nimechoka. Sikumlaumu ila nililia.

Naomba unisaidie. Nikienda sasa hivi kujitaja si wataniuliza mwaka jana nilidanganya kwanini? Wanaweza kunifukuza? Na nikienda nasema nataka nini hasa, maana ukweli mi mwenyewe sijui niombe nini, nataka tu nione. Na ile 6 ndo imetoka hivyo?

Mwenye Kofia


JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili chai ilipoa.

Kabla sijakushauri nikwambie nimetokea wapi, ili ujue haya siyatoi kichwani. Kabla ya kuanza kuandika hapa nilikaa miaka kumi na moja ofisi ya mitihani ya chuo kimoja, nikichapa, nikitoa kopi, nikifunga bahasha. Mwaka mmoja alikuja kijana ana macho kama yako, amekuja siku ya mtihani asubuhi, bahasha zimeshafungwa, anaomba karatasi kubwa. Nikaona huruma, nikachukua karatasi nikaiweka kwenye mashine ya kopi nikaikuza ikatoka A3. Nikajiona nimefanya jambo. Kumbe kopi iliyokuzwa herufi zinatoka na manyoya pembeni, alafu vile viti vyenye kimeza cha mkono karatasi ya A3 haikai, ikawa inaning'inia anaikunja anaikunjua mpaka saa tatu zikaisha. Alifeli. Kwahiyo hapa nikikwambia omba hivi usiombe vile, najua ninachokisema, na yule kijana bado ananisumbua moyoni.

Tuanze na shingo, maana hapo ndo kwenye kiini na naona hata wewe hujaambiwa. Macho yako yanachezacheza, si ndio? Madaktari wanaita nistagmasi, na kwa watu wenye ualbino ni kitu cha kawaida kabisa. Sasa mtu mwenye macho ya hivyo mara nyingi anakuwa na upande mmoja ambao akiangalia kwa kona ile macho yanatulia kidogo, kwahiyo bila hata kujua anageuza kichwa ili atumie kona hiyo. We hugeuzi shingo kwa mwenzio, unatafuta pale macho yanapotulia. Umefanya hivyo tangu darasa la kwanza. Msimamizi yeye kafundishwa kitu kimoja tu, shingo ikigeuka huyo anaibia, na akaona shingo imegeuka na macho yanakimbia. Ile ya shule ya vipofu ni maneno ya hovyo na simtetei, ila kosa lile la kwanza lingezibwa na sentensi moja kwenye karatasi mezani kwake. Ndo maana nataka tuandike hiyo sentensi.

Na ujue pia miwani yako haikurudishii macho yote. Wengi wanaona mtu kavaa miwani wanadhani basi tatizo limekwisha, lakini kwenye ualbino sehemu ya nyuma ya jicho inayofanya kazi ya kuona vitu vidogo huwa haikukua vizuri, miwani inasaidia kiasi tu. Alafu rangi kwenye mboni ni chache, mwanga unaingia kama mlango umeachwa wazi. Watu wakikutazama wanaona ngozi wanakuuliza kuhusu jua na mafuta, hakuna anayeuliza kuhusu macho, na chuoni kinachokuangusha ni macho. Kofia kwako ni kifaa cha kusomea, kukuvua kofia pembeni ya dirisha ni sawa na kumnyang'anya mwenzio kikokotoo.

Sasa swali lako la kwanza, kujitaja umechelewa? Hujachelewa. Ile fomu ulijaza vibaya, kaka yako alikupa ushauri mbovu kwa nia njema, basi. Sioni wa kukufukuza kwa kuficha ulemavu wako mwenyewe, ulichopoteza umepoteza wewe sio chuo. Ukiulizwa jibu kifupi, niliogopa. Anayeuliza zaidi ya hapo anatafuta stori.

Na usiende ukiwa umekunjamana kama unaomba nauli. Nchi hii ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kabla ya hapo mwaka 2009 Tanzania iliridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 24 ndo cha elimu na kinataja mpaka elimu ya juu, kwamba mtu afanyiwe marekebisho yanayomfaa ili asome sawa na wenzie. Huna haja ya kwenda kuwasomea vifungu mlangoni, watu wa ofisini wakisomewa sheria wanavimba, nawajua nilikuwa mmoja wao. Weka tu mstari mmoja kwenye barua.

Nguvu yako kubwa zaidi ni NECTA, Baraza la Mitihani. Baraza lina utaratibu wa karatasi za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu wanaongezewa dakika 10 kwa kila saa, hisabati dakika 20 kwa kila saa. Wewe mwenyewe ulipewa hayo kidato cha nne. Chuo sio NECTA, kina kanuni zake, ila ni ngumu sana mtu mzima mwenye shahada zake akae kwenye kiti aseme kwamba yale macho yaliyohitaji msaada kidato cha nne yamepona ulipofika mwaka wa pili. Piga hesabu mwenyewe mhasibu: UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, ya saa 3 kwa kipimo cha kawaida unapata nusu saa, kwa kipimo cha hisabati unapata saa nzima. Masomo yako ni majedwali na tarakimu, omba cha hisabati. Wakikupa nusu saa pokea.

Umesema hujui uombe nini, unataka tu uone. Hapo ndo wengi wanapokwamia, anaingia ofisini anasema naomba msaada sioni vizuri, anajibiwa pole sana tutaangalia, anatoka. Pole haichapwi kwenye karatasi. Mwenye ofisi anatakiwa kupewa kitu ambacho akikisoma anajua kesho amwambie nani afanye nini.

Kwahiyo kwanza nenda hospitali yenye kliniki ya uoni hafifu, KCMC Moshi wapo, CCBRT Dar wapo, kama uko mbali anza na kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Usitoke na cheti kilichoandikwa jina la ugonjwa tu. Mwombe daktari kwa adabu aandike vitu vinne: unaona kwa kiwango gani hata ukiwa na miwani, macho yanacheza na unageuza kichwa ili usome, mwanga mkali unakuumiza kwahiyo kofia au miwani ya giza ni ya lazima, na maandishi ya ukubwa gani unayasoma bila kuhangaika. Hilo la mwisho mpime pale pale, msikisie. Ukiwa huko uliza na habari ya lenzi ya kushika mkononi ya kukuzia, na ile darubini ndogo ya jicho moja ya kuonea ubaoni. Simu inakuza vizuri kuliko lenzi lakini kwenye chumba cha mtihani simu hairuhusiwi, lenzi unaweza kuiombea ruhusa, nunua lenzi.

Alafu andika barua kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara na ofisi ya mitihani. Vyuo vingine vina kitengo kabisa cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, uliza, kama kipo pitia huko. Barua isizidi ukurasa mmoja, historia ya maisha acha. Hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, uhasibu. Nina ualbino na uoni hafifu, barua ya daktari nimeambatanisha. Wakati wa kujiunga sikuitaja hali hii, naomba iingizwe kwenye kumbukumbu zangu sasa. Kwa mujibu wa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na kama nilivyofanyiwa kwenye mtihani wa kidato cha nne, naomba yafuatayo kwa test na UE zote: karatasi ichapwe upya kwa fonti ya Arial ukubwa wa 18, isiwe kopi iliyokuzwa, na majedwali yawe na mistari inayoonekana, muda wa ziada wa dakika 20 kwa kila saa, meza pana, mbali na dirisha au nikiwa nimeligeuzia mgongo, ruhusa ya kofia, rula na lenzi, na wasimamizi wajulishwe mapema kwamba nasoma kwa karibu na kwa kugeuza kichwa. Naomba pia walimu wanitumie slaidi kama faili lenyewe kabla ya kipindi."

Hiyo 18 badilisha kulingana na atakachokupimia daktari. Ya kichwa kugeuka usiitoe hata wakikwambia ni ndogo.

Kuchapa upya wasikutishe, kuna watu watakwambia ni gharama. Faili la mtihani lipo kwenye kompyuta ya lekchara, unachagua maandishi yote unaweka 18, unarekebisha majedwali, unachapa nakala moja. Nilikuwa naweza kufanya hivyo huku naongea na simu. Kinachokuwa kigumu ni muda, kwasababu mtihani ukishapitiwa na wenzake, ukachapwa na bahasha zikafungwa, hakuna mtu anayetaka kufungua tena, na ana haki ya kuogopa maana mtihani ukivuja anaenda yeye. Barua ikifika kabla ya hapo wewe ni jina kwenye orodha, ikifika baada wewe ni tatizo la asubuhi.

Kuhusu slaidi, yule wa picha za kitabu mfuate ofisini kwake, sio mbele ya darasa, na umwambie ukweli kwamba picha haisomeki hata kwa programu ya kusoma. Mwombe faili la pawapointi au jina la kitabu. Kwenye laptop yako kama ni Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha kujumlisha, kikuzaji kinafunguka chenyewe, tayari kimo humo siku zote. Kina na uwezo wa kugeuza rangi, maandishi meupe juu ya nyeusi, jaribu uone kama mwanga utapungua kukuchoma. Na kuna programu inaitwa NVDA, ni bure, inakusomea kwa sauti kilicho kwenye skrini. Najua utasema hiyo ni ya vipofu. Mwanangu, saa sita usiku macho yamechoka na una kurasa arobaini, aliyekwambia masikio ni ya vipofu peke yao ni nani?

Ambapo panatuleta kwa shosti wako. Huyo binti amebeba kazi ya chuo mwaka mzima bila kulipwa na bila kushukuriwa na yeyote isipokuwa wewe, na ana keri yake. Alivyosema nimechoka hakukuacha, alikuwa anasema kweli. Mnyang'anye ile kazi ya kukusomea kila usiku, mpe programu ifanye, yeye mbakize nae kwenye diskasheni kama marafiki wengine mnaosumbuana kwa mizania isiyokubali kulingana. Na mkipata bumu mpeleke chipsi. Tukigusa bumu, kama una mkopo au unataka kuomba, Bodi ya Mikopo huwa ina fomu ya kuthibitisha ulemavu inayosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, sasa ukiwa huko hospitali na makaratasi mkononi ulizia na hiyo, halafu muone afisa mikopo wa chuo akwambie kwa mtu ambaye hakujaza mwanzo anafanyaje.

Ile 6. Kama msimamizi hakuandika ripoti kwamba ulikuwa unaibia, hauna kesi, una maksi mbaya tu. Barua ya daktari ikitoka, nenda kwa lekchara wa somo nayo, mwambie mazingira ya ile test yalikuwaje, kiti, dirisha, kofia, bila kuongeza chumvi na bila kumtukana msimamizi, umwombe akupe test nyingine au njia yoyote atakayoona inafaa. Anaweza kukataa. Akikataa sikushauri uanzishe vita sasa hivi kwa maksi za test moja wakati UE haijafika, vita yako ni ile karatasi ya fonti 18. Ila yale maneno ya shule ya vipofu, hayo yaandike leo, tarehe, saa, chumba, nani alikuwa pembeni, weka pembeni. Akirudia kwako au kwa yule kijana mwingine, utakuwa huanzi na kumbukumbu za kubahatisha. Na huyo kijana mtafute bana, inawezekana yuko chumba kingine naye kavuliwa kofia.

Mama yako usimlaumu. Mama aliyelea mtoto mwenye ualbino nchi hii, miaka ile uliyokuwa mdogo, kujifunza kunyamaza kulikuwa ni ulinzi, unajua ninachosema. Mpigie ukishapeleka barua, sio kabla. Kabla atakulilia na utaahirisha.

Sijui mko wiki ya ngapi, ila kama test ya kwanza imeshasahihishwa maana yake lekchara wengine wameanza kutunga UE. Daktari wiki hii. Barua peleka kwa mkono wako, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe urudi nayo, usikubali kuambiwa iache hapo mezani. Na nenda kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo mwenye muhuri anakuwa ameenda kunywa chai na sisi tukienda chai hatuna haraka.

Anti